Tupeane uzoefu: Kupima presha nyumbani upate namba za kuaminika

Mleta mada: Wakuu, mashine za presha sasa zimeingia majumbani, na ni jambo jema, maana kwa wengi presha haina dalili mpaka imeshaumiza figo au kuleta kiharusi. Tatizo ni upimaji. Daftari likifika kliniki na namba za ovyo, daktari ataongeza dawa isiyohitajika au ataacha inayohitajika. Mnaoifanya kazi hii, tupeni ujuzi.

Muuguzi wa kliniki: Nusu saa kabla ya kupima, usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye kazi nzito. Nenda haja ndogo kwanza, kibofu kilichojaa hupandisha namba. Keti kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote chini, miguu isipishane. Tulia dakika 5, bila simu na bila maongezi. Mkono ulale mezani, mkanda wa mashine, kile kitambaa cha kufunga mkononi, uwe usawa wa moyo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mkono ukining'inia, namba inapanda, ukiwa juu ya moyo, inashuka. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, ukingo wake wa chini uwe kama sentimita 2 juu ya kiwiko. Mkono wa shati uliokunjwa ukabana juu nao unavuruga kipimo, heri uvue.

Pima mara 2 kwa kupishanisha dakika 1, asubuhi kabla ya kumeza dawa, na jioni tena. Siku 7. Za siku ya kwanza zitoe, zilizobaki tafuta wastani. Andikeni kila namba jamani, msiandike nzuri tu! Mwanzoni pima mikono yote miwili, kisha endelea na ule uliosoma juu zaidi.

Fundi wa vifaa tiba: Naongezea kwenye mkanda. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia mkono katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayouzwa na mashine ni ya sentimita 22 hadi 32, angalia maandishi kwenye kitambaa. Mkono wa sentimita 36 ndani ya mkanda huo utasoma presha kubwa kuliko iliyopo, na mwenye mwili atameza dawa kwa kosa la kitambaa. Nunua mkanda mkubwa wa mashine hiyohiyo. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono ziacheni, zinayumba mno. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio apimwe na muuguzi kwa kusikiliza, mashine hizi humkosea.

Mama K: Asanteni. Sasa namba ipi ndiyo ya kuogopa?

Muuguzi wa kliniki: Dada, wastani wa nyumbani ukifika 135/85, yaani namba ya juu 135 au ya chini 85, hiyo ni presha ya juu, kwa kipimo cha kliniki mpaka ni 140/90. Ikisoma 180/120, tulia dakika 5 urudie. Ikibaki hapo, na kifua kinauma, pumzi inabana, mdomo umepinda, mkono umelegea au macho yanaona ukungu, ni hospitali saa hiyohiyo. Bila dalili hizo, wasiliana na kituo chako siku hiyo. Usimeze dozi mbili: presha ikiporomoka ghafla, ubongo unakosa damu ya kutosha. Mjamzito asisubiri siku 7. Akifika 140/90 aende kituoni leo, hata kama anajisikia mzima.

Mfamasia: Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa zake, na watu wanazinunua kila siku kwa ajili ya mgongo. Mwambie muuzaji kwamba una presha. Kwa dawa za presha zenyewe, amlodipini ikivimbisha miguu, au enalaprili ikileta kikohozi kikavu kisichoisha, rudi ubadilishiwe, usiache kimyakimya. Uso, midomo au ulimi ukivimba ukiwa kwenye enalaprili, hiyo ni dharura. Chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate, ng'onda na viungo vya pakiti.