Tupeane uzoefu: mliowahi kupanda mlima kwa kebo kaa, Table Mountain na kwingineko

Mmakonde wa Magomeni

Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa yangu kazini anaenda Cape Town Desemba kwenye harusi, kaniuliza ile kebo kaa (kibanda kinachopanda kimening'inia kwenye waya) ya mlima wa Table Mountain ikoje, nikamwambia ngoja nikuulizie na wengine maana mimi nimepanda hiyo moja tu. Basi tupeane uzoefu, wa pale na hata wa nchi nyingine, ila naomba yale mambo ambayo mtu ukifika ndio unayakuta, picha za mawingu tumeshaziona za kutosha.

Naanza mimi. Kikubwa pale ni upepo. Mlima unauona kila unapogeuka mjini, kwa hiyo unajipa moyo kwamba siku yoyote utapanda, kumbe mwenye ratiba ni upepo. Ukivuma ule wa kusini mashariki, na Desemba kwao ni kiangazi ndio msimu wake, wanafunga hata kama jua linawaka na pale chini ulipo hata jani halitikisiki. Wenyeji waliniambia ukiamka ukaukuta mlima uko wazi kanywe chai huko huko juu, usiseme nitaenda kesho. Na katikati ya mwaka, kwenye Julai Agosti hivi, huwa wanafunga kwa matengenezo, kwa hiyo angalia tarehe kabla hujakata tiketi ya ndege.

Vibanda viko viwili tu, kimoja kinapanda kingine kinashuka, mnapishana katikati watu wanapungiana mikono. Kimoja kinabeba watu 65 na sakafu inazunguka yenyewe taratibu, so hamna haja ya kugombania dirisha, mandhari yote itakupitia. Ila usishike vile vyuma vya ukutani, vyenyewe havizunguki, miguu inaenda huku mikono imebaki kule, mzungu mmoja nusura atukalie. Chini ya sakafu kuna tangi la maji, yanakipa kibanda uzito kisipeperushwe, halafu maji hayo hayo ndio wanatumia huko juu maana mlimani hamna bomba. Hiyo niliipenda sana.

Dakika kama tano umefika, mita 1,067. Kule juu ni tambarare kweli, unatembea kwenye njia zao, upande mmoja bahari, Robben Island, kisiwa alichofungwa Mandela, ile pale unaiona nzima. Mtu aliyesoma habari za Mandela akikitazama kile kisiwa kutokea juu anaelewa ni jinsi gani mji ulikuwa karibu halafu haufikiki. Baridi ipo hata kiangazi, beba jaketi. Na ikipigwa honi ujue hali ya hewa imegeuka, wanashusha watu, achana na selfii kapange foleni.

Haya, wengine.

Kidumu

Umesahau pimbi mkuu. Wamejaa kule juu, wamenona, hawaogopi mtu, wanaota jua kwenye mawe kama wastaafu. Wanauma lakini, usiwalishe.

Babu Kaputi

Mimi nimefanya kazi Cape miaka kadhaa. Nawaongezea: tiketi za mchana mara nyingi ni rahisi kuliko za asubuhi, angalieni kwenye mtandao wao bei ya siku hiyo, mimi sitaji bei maana zinabadilika. Wasauzi wenyewe siku ya bethidei wanapanda bure wakionyesha kitambulisho, kuna dada ofisini kwetu kila mwaka anaomba ruhusa siku hiyo, bosi kashazoea.

Kama una magoti mazima, panda kwa miguu kupitia njia ya Platteklip halafu ushuke na kebo, wanauza tiketi ya upande mmoja. Ni ngazi za mawe mwanzo mwisho, masaa mawili mpaka matatu, jasho litakutoka mpaka kwenye nyayo. Ila hakikisha kebo inafanya kazi kabla hujaanza, la sivyo utashuka kwa hayo hayo magoti. Ile kebo ipo tangu 1929 na hivi vibanda vinavyozunguka viliwekwa 1997, kwa hiyo wanaoogopa nyaya kukatika watulie, hawajaanza jana.

Binti wa Chumbageni

Mimi nipo Ujerumani, Munich. Mama alikuja kunitembelea kutoka Tanga, nikasema nimpeleke Zugspitze, ndio mlima mrefu kuliko yote huku, mita 2,962. Treni mpaka Garmisch, halafu mnaenda pale ziwani Eibsee mnapanda kebo. Ni mpya ile, ya Desemba 2017, ina nguzo moja tu njia nzima, nguzo yenyewe ina mita 127, baada ya hapo waya unaning'inia zaidi ya kilomita tatu bila kushikwa na kitu. Mama sikumwambia hayo.

Kibanda ni kioo chini mpaka juu. Mama kakaa katikati ya watu, kajitanda kanga juu ya koti langu la baridi, kafumba macho anasoma Ayatul Kursiy, kuna mjerumani mtu mzima kamwachia nafasi akae vizuri. Tulipopita ile nguzo kibanda kikachezacheza kidogo, watu wote wakasema uuuh, mama akapaza sauti. Dakika kumi tu tukawa juu kwenye theluji. Kafungua macho, kaangalia, kaniuliza "huku wanalima nini?" Nikamwambia hamna mama, ni mawe na barafu. Akasema sasa wanapandia nini.

Lakini alivyorudi Tanga story ni hiyo tu, mtaa mzima umeonyeshwa picha aliposimama mpakani mwa Ujerumani na Austria. Ushauri wangu: kupanda karibu mita elfu mbili kwa dakika kumi kichwa kinauma. Mimi kiliniuma, mama wala. Mkifika juu tembeeni taratibu, kunyweni maji, msikimbilie ngazi. Na mzee mwenye presha aongee na daktari wake kwanza.

Mwana wa Likoni

Sisi Mombasa tuliahidiwa kebo ya kuvukia Likoni, tungekuwa tunapita juu ya feri tukiwapungia. Bado tupo kwenye feri 😂 Endeleeni.

Shariff_Jeddah

Assalaam aleikum. Waliokuja Umra wakabakiwa na siku, kuna telefriki, yaani kebo, ya Taif, pale Al Hada. Kutoka Makka mnapanda barabara ya milimani, kona juu ya kona, manyani wamekaa pembeni wanangoja ndizi. Wengi hawafikirii kwamba hii nchi ina baridi, Makka umeacha joto la kukaanga yai, kule juu unatafuta shali. Telefriki inaanzia juu Al Hada inashuka mpaka Al Kar bondeni, zaidi ya kilomita nne, vibanda vidogo vya familia, kwa hiyo mnakaa wenyewe, kinamama wanajinafasi. Chini kuna michezo ya maji ya watoto. Nendeni alasiri, mrudi juu jua linazama, mnaiona ile barabara mliyopanda nayo inajikunja huko chini na taa za magari.

Na uzuri mwingine, mkirudi Makka kwa njia hiyo mnapita mikati, pale pa kunuia Umra, mwenye nia ya Umra nyingine anahirimia hapo hapo. Niliwapeleka wajomba zangu kutoka Lamu, mmoja akawa kila akipata nafasi anasema twende tena Taif, ikabidi nimuulize anafuata Umra au telefriki.

mzigo_china

Hong Kong. Nilikuwa Guangzhou nasubiri kontena lijae, mwenzangu wa Kariakoo akasema bora tuzunguke. Kebo ya Ngong Ping, kilomita 5.7, dakika 25. Kuna vibanda vya kawaida na vya sakafu ya kioo, vya kioo bei juu. Tukachukua kioo. Jamaa yangu anabeba maboksi ghorofa nne bila kupumzika, ila pale alikaa kashika kiti kwa mikono miwili mpaka mwisho, bahari ipo chini ya viatu vyake. Mwisho wake unakuta sanamu kubwa ya Buddha, ngazi 268. Hizo alipanda anakimbia.

Msungwi wa Njia ya Machame

Nimesoma zote nimefurahi. Sasa niseme la kwetu. Mimi ni gaidi wa mlimani, yaani naongoza wageni, nimeanza nikiwa mpagazi, mzigo kichwani. Mwaka 2019 serikali ilipotangaza wazo la kebo Kilimanjaro, tena upande wa Machame, huku Moshi hatukulala. Mgeni mmoja anayepanda kwa miguu anaenda na gaidi, mpishi na wapagazi kadhaa, familia zinakula hapo. Kebo inamtaka mtu wa tiketi na fundi.

Halafu Table Mountain ni mita elfu na kidogo. Kili ni 5,895. Sisi wageni tunawalaza kambi ya Mandara, tunawapeleka kambi ya Horombo 3,720, wengine tunawabakiza siku nzima hapo mwili uzoee, na bado wapo wanaotapika kambi ya Kibo tukawashusha usiku. Huyo dada wa Munich kichwa kimemuuma chini ya 3,000.

Binti wa Chumbageni

Kaka nakuelewa, lakini mama yangu ana miaka sabini na kitu. Kazaliwa Tanzania, kauona mlima wa Ujerumani, wa kwake anauona kwenye kalenda. Hakuna aliyesema wazee wafike kileleni, waishie hapo chini chini kwenye 3,000. Hao wazee hata hivyo hawakuwa wateja wako.

Msungwi wa Njia ya Machame

Hapo una hoja dada. Ila kwa mama huhitaji waya. Kuna barabara ya Londorosi upande wa magharibi, gari linapanda mpaka kwenye uwanda wa Shira, ni zaidi ya mita 3,000, kilele cha Kibo unakiona mbele yako chote. Inategemea vibali na hali ya barabara, mvua ikiwa nyingi msijaribu. Niandikie pembeni akija Moshi, tutaongea na wahusika wa hifadhi, na tutaenda naye taratibu.

Mmakonde wa Magomeni

Asanteni wote, nimempelekea jamaa. Kaniuliza akivaa suti ya harusi ataruhusiwa kupanda. Nimemwambia avae, ila tai aiache chini.

Babu Kaputi

Na kofia.