Naomba msaada: "Lighterman" kwenye cheti cha 1889, kwa Kiswahili niandike nini?

Binti wa Ngamiani

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Uingereza, tunaishi Gravesend kando ya mto Thames. Binti yetu ana miaka 9 na tunamtengenezea daftari la ukoo kwa Kiingereza na Kiswahili, ili bibi yake aliyeko Tanga naye alisome.

Cheti cha ndoa cha mwaka 1889 kinasema babu mmoja wa ukoo wa mume wangu, mkazi wa Rotherhithe, alikuwa "Lighterman". Mama mkwe tangu utotoni anaambiwa kwamba mzee huyo alikuwa akiwasha taa za barabarani London. Tunayo picha yake amesimama na mti mrefu mara mbili ya kimo chake, na mama mkwe husema ule ndio mti wa kufikia taa. Nami nikaandika "mwasha taa" na ukurasa nikautuma Tanga. Juzi jirani yetu, mtu mzima wa hapahapa, ameitazama picha akaniambia: angalia huku chini, mti umepanuka. Hili ni kasia.

Nina maswali mawili. Kiswahili chake hasa ni kipi? Na nimwambieje mama mkwe, ana miaka 84, bila kumvunja moyo?

Mzee wa Gati

Mwanangu, jirani yako kasema kweli. Nimefanya kazi bandari ya Tanga mpaka nikastaafu. "Lighter" ndilo tishari letu, chombo cha kubebea mizigo. Meli inatia nanga nje kwa sababu gatini maji ni haba, matishari yanaifuata hukohuko, yanapakiwa mzigo, meli inabaki nyepesi. Jina limetoka kwenye huo wepesi, halikutoka kwenye mwanga. Kwao neno ni moja, ndiyo maana familia ikapotea njia.

Mama yako hana haja ya kuelezwa tishari ni nini. Kabla bandari yetu haijaongezwa kina miaka hii ya karibuni, mtu wa Tanga akitazama baharini aliyaona kila siku.

Kijana wa Temeke

Basi si aandike tu "kuli wa mtoni"? Kifupi na kinaeleweka.

Mzee wa Gati

Hapana, kijana wangu. Kuli namheshimu, lakini kazi yake ni kubeba. Huyu anaendesha chombo. Tishari la Thames zama hizo halikuwa na injini, na mengi hayakuwa na tanga. Mtu mmoja au wawili walilipeleka kwa nguvu ya maji yenyewe, makasia yakiwa ya kulielekeza lipite chini ya madaraja lisijigonge. Thames katikati ya London unajaa na kupwa kama bahari, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti hufika kama mita 7. Ukikosea saa, tishari na mzigo wake vinalala matopeni mpaka maji yarudi. Kazi hiyo inataka akili na subira, na mtu aliyeijua alistahili jina lake. Mimi ningeandika "baharia wa tishari".

Mpenda Nyaraka

Naunga mkono. Niongeze kitu kitakachokusaidia kutafuta. Pale Thames kazi zilikuwa mbili: "waterman" alivusha watu, "lighterman" alichukua mizigo. Chama cha wavushaji kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1555, na wa matishari wakaingizwa mwaka 1700. Hakuna aliyejiingilia tu; kijana aliandikishwa chini ya bwana wake na kujifunza kwa miaka, kwa kawaida 7, ndipo apewe uhuru wa kufanya kazi mwenyewe. Vitabu vya kuandikisha wanafunzi hao vipo Guildhall Library, London. Ukimpata babu humo, utapata na jina la bwana aliyemfundisha. Mara nyingi alikuwa baba au mjomba, kwa hiyo ukoo unaweza kurudi nyuma kizazi kingine.

Pia, daftarini acha "Lighterman" kama cheti kilivyoandika, kisha Kiswahili kifuate. Mwanao akikua ataenda kulitafuta hilohilo.

Mama Saida

Kuhusu mkweo, dada yangu, usimpelekee habari kwamba alikosea. Mkwe hasahihishwi mbele ya watu, awe wa Tanga au wa huko. Mtengee chai, kaeni wawili, mpe picha na umwombe akusimulie tena. Akishamaliza, mwonyeshe pale chini mti ulipopanuka, kisha unyamaze. Mwache aone mwenyewe.

Binti wa Ngamiani

Nimerudi kushukuru. Mama Saida, nimefanya kama ulivyoniambia. Alikaa na ile picha muda mrefu, akapitisha kidole juu ya mti mpaka mwisho wake, akasema, "Kumbe alikuwa majini." Baadaye akaniuliza kama tunaweza kwenda wote Guildhall. Tunakwenda wiki ijayo.

Ukurasa nimeuandika upya: "baharia wa tishari, mto Thames". Mama nimemsomea kwa simu. Hakushangaa hata kidogo, ila kaniuliza swali nikakosa jibu: alikuwa anatoka na maji ya kujaa au ya kupwa? Shikamoo Mzee wa Gati, nimjibuje?

Mzee wa Gati

Marahaba mwanangu. Mwambie yote mawili. Mzigo wa kupanda mjini ulifuata maji ya kujaa, na wa kushuka kuelekea baharini ukafuata ya kupwa. Katikati alifunga kamba akangoja. Atakuelewa.