Naomba ushauri: sioni picha yoyote kichwani, na najifunza ushonaji

Habari zenu wapendwa. Najifunza kushona kwa mama mmoja, fundi hodari sana. Kila akinipa kitambaa husema, "Lione gauni kichwani kwanza, ndipo ushike mkasi." Mimi nikifumba macho ni giza tupu. Najua kiuno kibane wapi na marinda yaanzie wapi, lakini picha haiji.

Hata sura ya marehemu mama yangu siioni. Najua alikuwa na mwanya, na kovu dogo juu ya nyusi, ila simwoni mpaka nishike picha yake. Hili linaniuma kuliko ushonaji. Ajabu ni kwamba usingizini namwota vizuri kabisa.

Nimesoma kuwa si ugonjwa. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton aliandika kuhusu watu waliokuwa hivi, na mwaka 2015 daktari Adam Zeman na wenzake wakaiita hali hii afantasia. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni, naye yuko hivyo. Hilo limenipa moyo.

Mafundi mliomo humu, mtu kama mimi apangeje kazi? Kwa sasa nachora kila kipande kwenye gazeti, nakata, napima. Inasaidia, lakini mteja akitaka jibu papo hapo nakwama. Na je, nimweleze mwalimu wangu, au ataona natafuta kisingizio? Mwenye hali hii tafadhali aniambie yeye amefanyaje.