Wachoraji wa kompyuta wa Lamu na Malindi: mchoro bapa na wa pande tatu, tupeane uzoefu

Mtu wa Langoni:
Assalamu alaikum wanajamvi. Siku mbili zimenipotea kwa mlango mmoja, kwa hiyo natua mzigo hapa, nanyi leteni yenu.

Mteja kataka mlango wa nakshi, wa vipande viwili na mfaa kati. Nikachora miimo kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta, juu ya ukuta niliokwisha kuuinua. Kutoka juu, umbo limefunga vizuri kabisa. Nikilivuta lipate unene, napewa vijiukuta vyembamba kama karatasi badala ya gogo zima. Nikafuta, nikarudia, mara nne! Usiku wa pili nikageuza picha ubavu: ncha ya mstari mmoja iko hewani, sentimita 240, kwa hiyo umbo halikufunga kweli. Kipanya kilinasa kona ya juu ya ukuta badala ya ya chini, na ukitazama kutoka juu kona hizo mbili ni nukta moja. Sasa kabla ya kazi naandika OSNAPZ, mpangilio wa kimo cha nukta ninazonasa, naweka 1. Kila ninachokinasa kinabaki sakafuni.

Bi Stuli, Malindi:
Pole, nimecheka kwa uchungu. Mie natumia FreeCAD, programu nyingine ya kuchorea, kwa viti. Zamani nikibadilisha kipimo kimoja, mguu wa stuli unapinda kama kamba. Kumbe mistari ilikuwa nyeupe bado, yaani haijafungwa masharti ya vipimo na mahali pa kukaa. Sitoki kwenye mchoro mpaka wote uwe kijani.

Kijana wa Matondoni:
Mie nilitaka kuchora jahazi la babu, ambaye hajawahi kushika karatasi ya ramani. Anaunda kwa jicho. Nikaanza na pande tatu moja kwa moja, mistari ikipaa angani kutoka mkuku hadi ukingoni. Kwenye skrini ilipendeza. Nilipovisha ngozi, yaani mbao za ubavuni, mbao zikajisokota kama ukili.

Babu akachungulia, akauliza, "Mataruma yako wapi, mwanangu?" Mbavu za chombo hizo, sikuwa nazo! Nikafuta yote. Nikasimamisha bapa moja moja juu ya mkuku, kila bapa na taruma lake, mchoro wa kawaida wa pande mbili. Halafu ndiyo nikaiambia programu ipitishe ngozi kutoka taruma hadi taruma. Ikajisokota tena, ila kidogo, upande wa tezi, nyuma ya chombo. Hapo taruma moja lilikuwa na nukta 7, jirani yake 5, programu ikawa haijui ipi iunge na ipi. Nilipozisawazisha na kuanzia zote kwenye mkuku, ngozi ikalala.

Kabati la Mkomani:
Mie fupi. Nilipima pande nne za chumba, nikachora mstatili, nikatengeneza kabati. Nyumba za mawe hizi hazina pembe mraba hata moja. Kabati likagoma kuingia, nikalipunguza kwa randa mchana kutwa, mwenye nyumba akinitazama. Siku hizi napima na ulalo, nagawa chumba pembetatu mbili ndipo nachora.

Mtu wa Langoni:
@Kijana wa Matondoni, babu alisemaje mwishoni?

Kijana wa Matondoni:
Alitazama kitambo, akaweka kidole kwenye skrini: "Hili la tatu limenenepa." Nikaenda na tepu chomboni. Nilikuwa nimezidisha sentimita 3. Na alama ya kidole chake bado ipo, sijaifuta.