Familia ya Kona: sisi wa nchi kavu

Zuhura: Habari za asubuhi jamani, shkamooni wakubwa. Hii safari ya Hawaii naona kila mtu anaongelea daivu tu, sasa mimi na Mama na Imran ambao hatuzami tutakuwa tunafanya nini siku nzima, tukae hotelini tukiwasubiri mrudi na mitungi yenu?

Mama: Marahaba mwanangu. Hilo hata mimi nilitaka kuuliza, nikaona niache kwanza.

Salum: Mama msiwaze, nimeshapanga. Boti pale Kona, ile pwani ya magharibi ya kisiwa, zinatoka asubuhi, mchana tumesharudi bandarini, jioni tunaingia wote kwenye gari twende mlima Mauna Kea tukaone jua likizama na nyota, kesho yake daivu tena halafu mchana volkano. Manta za usiku nazo zimo, wale samaki wakubwa bapa wenye mabawa, hizo siachi

Shangazi Rehema: Salum baba, hapo kwenye Mauna Kea simama kwanza.

Shangazi Rehema: Kilele kile kina mita 4,207 na gari linatoka ufukweni mpaka juu kwa kama saa mbili tu. Ukitoka kuzama mwili bado una naitrojeni uliyoivuta kule chini kwa presha, inatakiwa itoke taratibu kwa pumzi ukiwa usawa wa bahari, sasa ukikimbilia mlimani presha ya hewa inapungua na ile naitrojeni inafanya mapovu kwenye damu na maungio, ni kitu kile kile wanachokatazia watu kupanda ndege baada ya daivu. Tena mlima ule umezidi ndege, maana ndani ya ndege presha wanaiweka kama uko mita 2,400 hivi kwa juu kabisa. Wanaosimamia mlima wenyewe wanasema aliyezama asipande mpaka saa 24 zipite.

Baba Mdogo Hamisi: Yaani mtu anaumwa ugonjwa wa wazamiaji akiwa amekaa ndani ya gari??

Shangazi Rehema: Amekaa na kafunga mkanda, ndio Hamisi. Na si kilele peke yake. Ile barabara ya katikati ya kutoka Kona kwenda mji wa Hilo, inaitwa Daniel K. Inouye, inapita juu ya mita 2,000. Volkano yenyewe, Kilauea, pale ukingoni watu wanaposimama kuangalia, ni kama mita 1,200. Mtu anaona anaenda matembezi tu kumbe anapanda, na vyama vya daivu vinaanza kuhesabu mwinuko kuanzia mita 300. Ndo maana kisiwa kile nakiogopea watu wanaopanga ratiba kwa haraka.

Salum: Duh. Kwa hiyo milima tufute?

Shangazi Rehema: Usifute, geuza. Kupanda kwanza halafu kuzama hakuna tatizo ukishashuka na kupumzika, tatizo ni kuzama halafu kupanda. Mkifika msikimbilie boti, mtakuwa mmechoka na safari ndefu na usingizi umevurugika, hamtaki kuingia majini hivyo. Nendeni moja kwa moja mkalale upande wa volkano, siku za mwanzo zote ziwe za juu, mkishuka Kona ndo mwanze kuzama na msipande tena popote mpaka mwisho. Hivi ndivyo na Zuhura na watoto wanampata Salum mzima, hajachoka na boti.

Zuhura: Shangazi Mungu akubariki 🙏🏾 huko volkano kuna nini cha mtu na mtoto wa miaka 10?

Shangazi Rehema: Mengi mwanangu. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 1916, kiingilio dola 30 kwa gari na tiketi inatumika siku 7 kwa hiyo mnaingia na kutoka. Kuna handaki la lava linaitwa Nāhuku, lava ilipita pale ikiwa ya moto, juu ikaganda na ya ndani ikaendelea kutiririka mpaka ikaisha ikaacha tundu refu, unatembea ndani yake kama chumba, nje umetoka kwenye msitu wa mikangaga mirefu kuliko Salum. Imran atapapenda. Halafu kuna barabara ya Chain of Craters inashuka kutoka kule juu mpaka baharini kama kilomita 30, mnapita lava za miaka tofauti, nyingine nyeusi tii haina hata jani, nyingine imeshaota vichaka, shukeni garini muiguse, kuna iliyojikunja laini kama kamba na kuna ya makali inayochana viatu. Mwisho wa barabara kuna tao la mwamba limesimama baharini.

Neema: Bibi Rehema moto tutauona?? yaani lava kabisa

Shangazi Rehema: Inategemea siku mjukuu wangu. Kuanzia Disemba 2024 Kilauea ilianza kurusha lava kwa vipindi, inawaka inanyamaza, inawaka tena. Kila asubuhi muangalie taarifa za USGS, wale wataalamu wa jiolojia wa serikali ya Marekani, wanaandika kila siku. Ikinyamaza bado mtaona moshi na lile shimo, 2018 sehemu kubwa ya pale katikati iliporomoka hata barabara ikaenda nayo. Bebeni masweta, kule juu kuna baridi na mvua, watu wanafika na kaptula wanatetemeka.

Baba Mdogo Hamisi: Mimi dada nataka nyota. Presha yangu unaijua lakini

Shangazi Rehema: Hamisi wewe kilele usahau, na daktari wako umuulize kabla hata ya kituo cha wageni, kile kiko mita 2,800 na si mchezo. Imran naye asipite kituo, chini ya miaka 13 wanashauri wabaki hapo. Lakini nyota zenyewe mnaziangalia pale pale kituoni, juu kileleni wageni wanatakiwa washuke nusu saa baada ya jua kuzama. Na juu inatakiwa gari la four wheel, kampuni nyingi za kukodi haziruhusu gari zao kupanda. Kwa wenyeji mlima ule ni mtakatifu, tusiende kupiga kelele wala kuokota mawe.

Mama: Wifi sisi wazee basi tubaki wapi

Shangazi Rehema: Wifi yangu wewe nimekuwekea pazuri kuliko pote. Puʻuhonua o Hōnaunau. Iko chini kabisa ufukweni, kusini ya Kona. Zamani mtu akivunja mwiko, na adhabu ilikuwa kifo, akikimbia akafika ndani ya ule ukuta hawezi kuguswa, kuhani anamfanyia ibada anasamehewa anarudi kwao. Mpaka 1819 miiko ile ilipofutwa. Ukuta upo mpaka leo, mawe ya lava yamepangwa bila saruji, unene wake unazidi mita 5 na yamelala vizuri yaani ukipitisha mkono huoni pengo la maana. Kuna minazi, kuna sanamu za mbao zinaangalia bahari, kuna kivuli. Nilikaa pale kwenye jiwe nikawaza mtu aliyekuja anaogelea kutoka ng'ambo huku wenzake wanamfukuza, na akifika tu, basi, yuko salama. Hapo usipaharakishe.

Mama: Hapo nimependa sana wifi. Mahali pa msamaha

Salum: Shangazi na siku za kuzama wao asubuhi wafanye nini, maana gari tutakuwa tumeenda nalo bandarini

Shangazi Rehema: Waje nalo wao wakuache bandarini. Pembeni ya bandari hiyo ya Honokōhau kuna hifadhi nyingine, Kaloko-Honokōhau, wanatembea taratibu kwa njia ya lava mpaka kwenye mabwawa ya samaki ya zamani, wenyeji walijenga ukuta wa mawe baharini, maji yanaingia na samaki wadogo, wakinenepa hawatoki tena. Kasa wanalala mchangani wanaota jua, Imran awaangalie kwa mbali, angalau mita 3, asimguse kabisa hata akionekana kama amekufa, amepumzika tu.

Zuhura: Na hizo manta za usiku sisi ndo hatuzioni?

Shangazi Rehema: Mnaziona! Keauhou kuna hoteli iko juu ya mwamba, wanamulika mwanga mkali baharini usiku, vijidudu vya planktoni vinafuata mwanga na manta wanafuata chakula, mnasimama juu mnaona mabawa meupe yanageuka chini yenu. Siku nyingine hawaji, ni wanyama wa porini, ila jaribuni.

Baba Mdogo Hamisi: Mashamba ya kahawa je? nimesoma kahawa ya Kona ina jina

Shangazi Rehema: Ina jina na inastahili, ila mashamba mengi yapo mteremkoni juu ya mita 300, kwa hiyo wewe na Mama nendeni wakati wowote, Salum aende kabla hajaanza kuzama. Neema na ile cheti yake mpya ya kuzama hivyo hivyo.

Neema: sawa bibi 😩 na siku ya mwisho?

Shangazi Rehema: Siku ya mwisho hakuna maji. Mkizama siku kadhaa mfululizo kiwango ni saa 18 kabla ya ndege, mimi nawawekea 24 sitaki mjadala. Asubuhi osheni vifaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, rejuleta, kile cha kuvutia hewa mdomoni, kifuniko chake kifungwe kwanza maji yasiingie, jaketi la kuzamia litiwe maji ndani litikiswe ligeuzwe kichwa chini mpaka yaishe, halafu lijazwe upepo litundikwe kivulini. Vikiwa vinakauka nyie nendeni Puakō mkaone michoro waliyochonga watu wa zamani kwenye lava, zaidi ya 3,000, watu, mitumbwi, iko chini karibu na bahari. Vaeni viatu vya soli ngumu, kule kuna mti unaitwa kiawe, miiba yake inapita ndala mpaka kwenye nyama.

Zuhura: Mimi nilitaka siku hiyo nimpeleke Salum masaji ya nguvu

Shangazi Rehema: Wewe kafanye mwanangu, Salum apate ya kupapasa tu. Akikandwa sana akaamka bega linauma hatutajua ni masaji au ni naitrojeni. Na mafuta ya jua msinunue ovyo, Hawaii tangu 2021 yale yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati hayauzwi kwa ajili ya matumbawe, tafuteni ya zinki na msiyabebe yale ya nyumbani.

Salum: Sawa Shangazi. Sasa swali, ile ndege ndogo ya kwenda Maui kwa shemeji, haifiki hata saa moja, nayo inahesabika?

Shangazi Rehema: Inahesabika baba. Ndege ni ndege.

Salum: Basi tiketi niliyokuwa naangalia ni ya jioni ile ile ya daivu ya mwisho, naisogeza kesho yake jioni. Zuhura nitumie majina kama yalivyo kwenye pasipoti na umri wa Imran

Zuhura: Natuma sasa hivi. Volcano tulale siku ngapi, niulize nyumba ya watu sita