Mtoto ana H. pylori, bakteria wa tumboni, lakini tumbo halijachubuka: kinga yake inafanya nini?

Nesi_Jinja:
Wataalamu, habari za kazi. Mama ana vidonda vya tumbo. Mwanawe wa miaka 6 naye kipimo cha damu cha H. pylori kimesoma chanya, ila anakula, anacheza na uzito unapanda. Bakteria ni yuleyule, mbona mtoto hana neno? Kinga yake ni dhaifu au kali kuliko ya mama? Na nimwanzishie dawa?

Daktari_Watoto:
Si dhaifu wala kali, dada. Imejizuia. H. pylori hukaa ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo, na kwa kimeng'enya cha urease hugeuza urea kuwa amonia ili asidi isimuue. Ukuta unachubuka kwa sehemu kubwa kutokana na vita anavyochokoza: seli T (askari wa kinga) za aina ya Th1 na Th17 zinapandisha hasira, IL-17, kemikali ya kupashana habari kati ya seli, inaita neutrofili, seli nyeupe za damu, nazo zikimwaga sumu zake zinaumiza hata seli za mwenye tumbo.

Kwa mtoto, seli T za udhibiti ni nyingi zaidi. Zinatoa IL-10 na TGF-beta, kemikali za kutuliza kinga, zinawashika wapiganaji mikono. Utafiti wa Chile uliochapishwa 2008 ulikuta watoto na watu wazima wamebeba bakteria kwa kiasi kinachokaribiana, lakini uvimbe wa ukuta wa tumbo ulikuwa mdogo kwa watoto. Utulivu huo una bei yake: ndio unaompa bakteria nafasi ya kukaa miaka na miaka. Wapo wadogo wanaompoteza bila dawa, lakini akishazoea haondoki hivihivi.

Fundi_Maabara:
Mimi nagusia kipimo. Kile cha damu kinasoma kingamwili za IgG, yaani silaha ambazo mwili umetengeneza dhidi ya bakteria, hakimsomi bakteria. Kingamwili zinabaki miezi mingi hata baada ya kupona, na kwa mtoto mdogo zinachelewa kupanda, kwa hiyo jibu linaweza kudanganya pande zote mbili. Kwa mtoto usilitegemee.

Tumia kipimo cha antijeni ya kinyesi, kinachotafuta vipande vya bakteria mwenyewe, au kipimo cha pumzi kama kipo. Omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, isimamishwe wiki 2 kabla, antibayotiki wiki 4, la sivyo bakteria wanapungua na kipimo kinasoma hasi ya uongo. Kinyesi cha majimaji nacho kinazimua antijeni. Kikopo kikisafiri kwa boda juani tangu asubuhi, omba kingine. Kisipopimwa mara moja, kiwekwe kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8.

Nesi_Jinja:
Asanteni. Kwa hiyo antijeni ikisoma chanya, dawa?

Daktari_Watoto:
Hapana, si kwa sababu hiyo tu. Utafiti wa Kampala uliochapishwa 2010 ulimkuta bakteria huyu kwa takriban asilimia 44 ya watoto walioonekana wazima. Ukimtibu kila mmoja utamaliza stoo, na usugu wa bakteria kwa klarithromaisini, antibayotiki ya kumtibu, utaongezeka bure.

Mpeleke kwa daktari wa watoto akitapika damu, akipata choo cheusi, maumivu yakimwamsha usiku, uzito ukishuka, au upungufu wa damu wa madini ya chuma ukikataa kupona kwa vidonge na sababu nyingine zimeshaondolewa. Huko ndiko endoskopi, kutazama ndani ya tumbo kwa mpira wenye kamera, inaamuliwa. Matibabu yakianza ni siku 14 kamili, dozi kwa kilo, na antijeni ya kinyesi irudiwe wiki 6 hadi 8 baada ya dawa kuisha. Damu usiirudie, itasoma chanya tu.

Mama yeye mtibu. Ana vidonda.