Ushauri: Niko uanagenzi kituo cha vijana, mtoto kaniamini na siri nzito, msimamizi hataki nifuatilie

Binti wa Ziwani
Habari zenu wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Nina miaka 23, nina stashahada ya maendeleo ya jamii, na sasa niko uanagenzi kwenye kituo cha vijana cha asasi moja hapa Mwanza. Kazi yenyewe naipenda sana. Asubuhi nakaa na vikundi vinavyoandaa maombi ya mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya vijana. Jioni wanakuja wanafunzi kwa mpira, maigizo na mazungumzo. Nimejifunza kuongoza mjadala bila kuwahubiria, na kunyamaza kijana anapotafuta maneno. Chuoni hayo nilijibia mtihani tu.

Kuna mvulana wa kidato cha pili, miaka 15. Kila jioni anabaki kupanga viti vya plastiki, na anavipanga taratibu mno hadi wenzake wote waondoke. Juzi akapandisha shati. Mgongo una michirizi ya waya, mingine bado mibichi. Ni baba yake wa kambo. Akaniambia, "Dada, usimwambie mtu, hata mama."

Nilimweleza mratibu, ambaye kwenye barua yangu ndiye msimamizi wangu. Akasema mambo ya familia tuwaachie wenyewe, tusigombane na wazazi wakati wafadhili wanakuja kukagua. Yeye kituoni haonekani mara kwa mara, siku nyingi niko na vijana peke yangu.

Nikisema, naona nimemsaliti aliyeniamini, na wengine watanikimbia. Nikinyamaza, usingizi sipati. Na uanagenzi wa namna hii, niendelee nao?

Mama Ustawi
Marahaba mwanangu, na pole. Nimetumikia ustawi wa jamii miaka mingi, kwa hiyo nikujibu waziwazi: hapo kunyamaza hakupo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki zake zinavunjwa ana wajibu wa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Ruhusa ya mratibu wako haihitajiki.

Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, na kama kata yenu haina, nenda halmashauri. Ukikwama piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, hapo ndipo atapata PF3, ile fomu ya polisi, kwa ajili ya matibabu. Vidonda vibichi visisubiri, atibiwe kwanza.

Usimhojihoji. Akishasimulia mara moja inatosha, maana kila atakayemrudisha nyuma anamuumiza upya. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Usimpige picha, na daftari hilo lisizagae ofisini.

Kijana wa Kirumba
Mimi naomba tuwe makini. Mtaani kwetu kesi kama hii ilifika ofisini, mzee akaitwa, akaonywa, akarudi nyumbani na hasira. Aliyeumia ni mtoto. Kwa nini dada asianze na bibi au mjomba, mtu anayeheshimika kwenye ukoo?

Mama Ustawi
Hofu yako ni ya kweli, nimeyaona hayo. Ndiyo maana jambo la kwanza kumuuliza afisa ni hili: leo usiku mtoto analala wapi? Bibi anaweza kuwa jibu la swali hilo, ila kikao cha ukoo kisichukue nafasi ya kuripoti. Ukoo ukimaliza kimya kimya, waya unabaki palepale.

Mwanagenzi Mstaafu
Dada, mimi nilipita njia hiyo Dodoma, nijibu upande wa kazi. Uanagenzi bila mtu wa kukufundisha ni kufanyishwa kazi kwa bei rahisi, na kwenye kazi ya vijana ni hatari zaidi. Sera yetu ya vijana inaanzia miaka 15 hadi 35, kwa hiyo chumba kimoja unaweza kuwa na mtoto wa shule na baba wa watoto watatu. Kuwaachia mgeni wa kazi wote hao peke yake si haki kwako wala kwao.

Usiache leo. Andika barua fupi: unaomba msimamizi anayepatikana, muda wa kukaa naye kila wiki, na utaratibu wa kituo wa ulinzi wa mtoto ulioandikwa. Peleka nakala chuoni au kwa waliokupangia nafasi hiyo. Wakikataa kukujibu, hapo tafuta kituo kingine, na daftari lako la kazi uende nalo.

Na kuhusu siri, tangu sasa usimwahidi kijana yeyote kutunza kila kitu. Mwambie mapema, kabla hajaanza: "Ukiniambia jambo linalokudhuru, nitatafuta wa kutusaidia, na wewe utajua kabla sijamwambia."

Binti wa Ziwani
Asanteni sana. Jana jioni nilikaa naye palepale kwenye viti, nikamweleza kwamba siwezi kuliacha na kwa nini. Alilia, akakasirika, akaniuliza kama nitamwambia baba. Nikamjibu hapana, tunaanza na ustawi. Mwisho akasema bibi yake mzaa mama yuko Buhongwa na angependa awepo. Bibi nimempigia, amekuja usiku uleule kumchukua. Leo saa tatu tunaenda ustawi. Mama, mratibu nimwambie kabla?

Mama Ustawi
Mtumie ujumbe mfupi kwamba umeripoti, baada ya afisa kuwapokea. Sasa hivi mpe mtoto uji kabla hamjatoka, foleni hapo huwa ndefu. Na mkiingia, mwache akae karibu na bibi.